Goti nusu au zima: anzia kwenye picha ya kusimama

Habari mkuu, pole kwa mama. Unauliza kwa nini daktari mmoja anataka kuweka kipandikizi (kiungo bandia) upande wa ndani tu wa goti lake lililolika, yaani nusu, na mwingine goti zima.

Angalia kwanza eksirei ilipigwaje. Kama mama alilazwa, irudiwe akiwa amesimama. Akilala, nafasi kati ya mifupa huonekana bado ipo hata gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) likiwa limekwisha. Kisha mwambie aoneshe maumivu. Akigusa sehemu moja kwa kidole, nusu inawezekana. Akilishika goti lote kwa kiganja, mashaka. Nusu inataka kano za katikati ziwe nzima na tege linyooke likisukumwa kwa mkono. Mwenye rumatoidi (baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo) asifanyiwe nusu, maana ugonjwa utakula sehemu zilizobaki.

Nusu hupona haraka na kukunja vizuri zaidi, ila hurudishwa thieta mara nyingi kuliko zima: kipandikizi hulegea, au upande wa pili nao hulika. Muulize daktari anafanya nusu ngapi kwa mwaka. Kama ni moja au mbili (na wapo), heri afanye zima analolizoea.