"Port": Bandari, Ubavu wa Meli, Tundu na Divai

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kuli katika bandari ya Kigoma. Bandari kwa Kiingereza ni "port", lakini mabaharia huliita hivyo pia ubavu wa kushoto wa meli, na mwanangu anayesomea kompyuta huliita hivyo tundu la kuchomekea waya. Aidha, nasikia ipo divai yenye jina hilo. Je, hilo ni neno moja?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni maneno zaidi ya moja yaliyokutana katika tahajia. Bandari imetokana na neno la Kilatini "portus", na divai hiyo pia ina asili hiyo, kwa kuwa imepewa jina la Porto, mji wa Ureno ambako ilisafirishwa kwenda ng'ambo. Tundu la kompyuta linatokana na "porta", yaani lango, ingawa wanaisimu huyahusisha maneno hayo mawili ya Kilatini na mzizi mmoja wa kale zaidi wenye maana ya kupita.

Ubavu wa meli ndio wenye kisa. Zamani, kabla usukani haujahamishiwa katikati ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, meli za Ulaya ya kaskazini ziliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kulia, na nahodha aliyechelea kulivunja alielekeza ubavu wa kushoto gatini, ambako mizigo ilipakiwa na kupakuliwa. Kulia kukaitwa "starboard", upande wa kuongozea, na kushoto "larboard". Majina hayo yalifanana mno kwa watu wanaopigiana kelele katikati ya dhoruba, kwa hiyo mwaka 1844 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliagiza kwamba kushoto kuitwe "port", neno ambalo mabaharia walikuwa wamekwisha kulizoea. Sababu ya awali haipo tena: MV Liemba, iliyoshushwa ziwani hapo Kigoma mwaka 1915, haikupata kuongozwa kwa kasia la ubavuni.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu wengi hukosea hapo. "Import" na "export", maneno unayoyaona kila siku katika hati za mizigo, hayakutokana na bandari hata kidogo. Yametokana na "portare", yaani kubeba, sawa na "porter", jina ambalo wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19 waliwaita wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani.