Nifunge kiboksi cha kuongeza nguvu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Forester ya turbo, iko vilevile ilivyotoka Japani. Kuna jamaa hapa Igoma anataka kunifungia kiboksi cha kuongeza nguvu, eti nikikanyaga naenda Shinyanga fasta. Nifunge? Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwa sasa usifunge. Hivyo viboksi vingi vinaidanganya tu kompyuta ya gari, inasomeshwa presha ya turbo ndogo kuliko iliyopo, basi turbo inazidi kupuliza na joto ndani ya silinda linapanda, na ukiweka petroli ya oktani ndogo, yaani isiyohimili joto na presha, injini inaanza kugonga, mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, ukija kushtuka pistoni imepasuka pale zinapokaa ringi, na Subaru hizi, kama Forester yako, zenye injini za aina ya EJ zinajulikana kwa hilo. Inaniuma sana nikiona injini nzima inafia hivyo.

Kwanza kapime kompresheni, yaani silinda zinavyobana hewa, kwenye silinda zote nne, angalia mipira ya turbo kama inavujisha upepo, badili plagi na oili. Mara nyingi nguvu unayoitafuta imepotelea hapo hapo. Ukishamaliza na bado unataka zaidi, mtafute fundi wa kuprogramu kompyuta yenyewe huku anapima mchanganyiko wa hewa na mafuta gari ikitembea. Asiye na kipimo hicho usimpe funguo.