Muulize kwanza mwenye nyumba

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Dadako anakusalimu, na mjombako wa Likoni bado anadai ulimwahidi simu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Unauliza kama uache kazi ya ghala uingie kikosi cha kusafisha Asheville, huko huko Marekani, baada ya kile kimbunga Helene. Pesa ni nzuri zaidi, ila wenzako wanasema ni kazi ya kuinamia uchafu wa watu. Na mwisho ukaniuliza: "Mama, wewe uliifanya mwaka wa El Niño. Hukuona haya?"

Haya ya nini? Sikuona haya hata kidogo. Nilishika karai, nikabeba tope, nikala jasho langu. Babako, Mungu amrehemu, ndiye aliyeona haya kwa niaba yangu, na hilo tulilimaliza wenyewe.

Kilichonishangaza ni huo mji wenyewe. Kimbunga kiliingia Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, kikapanda bara hadi kuzamisha mji wa milimani, ulio zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Watu wakakaa karibu miezi miwili bila maji salama ya bomba. Sisi Mombasa tumekaa karibu na ikweta, pepo za namna hiyo hazitufikii. Hata kimbunga Hidaya, Mei 2024, kiliwapiga ndugu zetu wa Tanzania, sisi tukabaki na maonyo na mawimbi. Lakini mafuriko tunayajua. Tope likishaingia chumbani ni lile lile, liwe la kimbunga au la mvua ya vuli.

Vuli ya 1997, ile ya mvua za El Niño, wewe ulikuwa mdogo, tukakupeleka kwa khalati yako Majengo, kwa hivyo unalokumbuka ni mahamri yake tu. Mwaka wenyewe ulikuwa umeshaharibika: Agosti vurugu za Likoni, Oktoba ikaja mvua. Barabara ya Nairobi ikakatika. Kisauni nyumba za udongo zilianguka, zikabaki fito zimesimama na mabati yameinama juu yake. Vyoo vya shimo vikafurika vikaingia visimani. Kipindupindu kikafuata, na kila ua ukanuka chokaa na klorini.

Basi akaja mkandarasi anatafuta watu wa kutwa. Wanaume machepe, wanawake makarai. Sisi wanawake wa mtaani tukaingia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo jibu langu lilipo. Yule bibi wa nyumba ya pembeni ya msikiti unamjua, ndiye aliyekusomesha alifu kwa kijiti. Maji yalimkuta usiku, akatolewa na leso aliyojifunga. Tulipoingia kwake, tope lilikuwa limepanda hadi kwenye kitanda cha kamba, na ndani ya tope mlikuwa na juzuu za watoto wote wa chuo chake cha Kurani, na msahafu wake mwenyewe, na kasha lake la zamani lenye misumari ya shaba. Nyapara akasimama mlangoni: "Lori linangoja, zoeni vyote."

Vyote! Juzuu zipakiwe pamoja na magodoro ya choo zikamwagwe jaani Kibarani!

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja wetu alitua karai lake, akachutama, akaanza kuzitoa moja moja. Na sisi tukachutama. Kurasa zilikuwa zimegandana, ukizivuta zinachanika. Ilibidi utie ukucha pembeni taratibu na upulize katikati, ndipo ukurasa ukuachie. Wino mwekundu wa alama ulikuwa umechuruzika hadi pambizoni. Tukafunga kamba uani, tukazianika kwa vibanio vya nguo, na jua la saa nne likazipiga, na upepo wa baharini ukizipeperusha. Wallahi sijaona uani kuzuri kama siku ile. Zilizoharibika kabisa tulizifunga kwa bafta, imamu akazizika mahali safi. Yule bibi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasoma kwa mbali, anatuambia hii ya fulani, hii ya mwana wa fulani. Yako ilikuwamo. Ndiyo hiyo iliyo juu ya kabati la dadako, yenye kutu pembeni.

Tukiwa uani, wanaume wakaamrishwa wapakie kasha. Likaenda. Bibi hakuulizwa. Ndani mlikuwa na nguo za harusi yake na barua za mumewe wa baharini, zote zimerowa, sawa, lakini zake. Jioni nyapara akatukata ujira sote tulioanika. Ujira niliusahau. Kasha sikulisahau, kwa sababu yeye alikuwa akiniuliza habari zake mpaka anakufa, na kila nikipita Kibarani kwenda Changamwe, ingawa jaa lilifungwa na sasa wamepanda miti, shingo yangu hugeuka yenyewe.

Mimi nasema siku zote, na babako alichoka kunisikia: chenye mwenyewe si takataka. Mwenyewe ndiye aseme.

Najua utanijibu. Utasema, mama, godoro lililolala kwenye maji ya choo lina mjadala gani? Na kweli, halina. Kuvu haingoji mtu amalize kulia. Ukuta wa jasi ukirowa huko kwenu lazima ung'olewe upesi, na nyama iliyooza kwenye friji haina wa kuionea huruma. Nikimwacha kila mtu achague kila kijiko, mtaa mzima utapata kipindupindu. Hilo nalikubali. Lakini hata godoro, muulize. "Bibi, hili litoke?" Maneno matatu hayacheleweshi lori.

Na unajua kwa nini yule nyapara hakuuliza? Alikuwa analipwa kwa lori. Kila safari pesa yake, kwa hivyo kwake kasha na tope ni uzito mmoja. Nasikia na huko wanaozoa vifusi hulipwa kwa ujazo wa gari. Mwanangu, mtu anayelipwa kwa ujazo macho yake hubadilika. Simlaumu sana, naye ana watoto. Hapana, namlaumu. Alikuwa na macho, aliziona juzuu.

Ukienda, pesa iandikwe kabla hujagusa chepe. Baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, vibarua wengi New Orleans walifanya kazi hii hii wakadhulumiwa ujira. Chanja pepopunda. Vaa glavu nene na barakoa ya kuzuia kuvu, si ile ya kitambaa. Jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Moshi wake huua watu wamelala, baada ya kimbunga chenyewe kwisha.

Niende au nisiende, ndivyo ulivyouliza, na ulimi unaniwasha kukujibu. Wewe una mikono ya kazi na moyo wa babako, na hao watu wa Asheville wanahitaji mtu wa kuuliza kabla ya kuzoa. Halafu nafikiria mgongo wako, na kuvu, na nyapara mwingine mlangoni. Sisemi bado. Niandikie kwanza mambo mawili: utalipwa kwa saa au kwa gari, na wenye nyumba wanaruhusiwa kuwapo vitu vyao vikitolewa? Nikishapata hayo nitakwambia langu, na utalisikia vizuri.

Mamako