Maji yanapanda huku yanavuja

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nimechaguliwa kwenda shule ya nyuklia ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, Goose Creek, Carolina Kusini. Kuna jamaa anauza maswali na majibu ya mitihani iliyopita. Moja limenishinda: kiwango cha maji kwenye tangi la shinikizo kinawezaje kupanda wakati kinu cha nyuklia kinapoteza maji? Jibu lake ni "vali ya juu imekwama wazi." Nikikariri hivyo, inatosha?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, na karatasi zake mrudishie leo. Madaftari ya shule ile hayatoki nje ya jengo. Kama ni za kweli, kuwa nazo tu ni kesi.

Tangi hilo lina maji chini na mvuke juu, na mvuke huo ndio unaoshikilia shinikizo la mfumo mzima. Vali ya kileleni ikikwama wazi, mvuke unatoroka na shinikizo linashuka. Maji ya kinu yana nyuzi karibu 300. Hayachemki kwa kuwa yamebanwa. Yakilegezwa yanachemka palepale, mapovu yanadai nafasi, maji yanasukumwa kupanda tangini. Fungua soda iliyotikiswa uone: inafurika bila mtu kuongeza tone. Tangi linaonekana limejaa, kumbe kinu kinakauka.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, alfajiri ya 28 Machi 1979. Waliokuwa zamu walikuwa wamepitia mafunzo ya nyuklia ya jeshi hilohilo unalokwenda. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshika kanuni moja kama sala: tangi lisijae maji pomoni. Kiwango kilipopanda, wakapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yameanza kuingia yenyewe. Taa nayo iliwadanganya, maana ilionyesha amri iliyotumwa kwa vali, si vali yenyewe. Kinu kilikuwa kimeshazimwa, lakini kinu kilichozimwa hakipoi. Mabaki ya atomi zilizopasuka huendelea kutoa joto. Karibu nusu ya kiini, yaani sehemu yenye fueli, ikayeyuka.

Wauza majibu hawa wananichosha. Wateja wao nawatambua kwa swali moja tu: nikihamisha mahali pa tundu linalovujisha maji, wananyamaza. Baada ya darasa utakaa miezi kama sita kwenye kinu halisi, ukihojiwa uso kwa uso, na hakuna karatasi ya kukuokoa pale. Anza sasa: tundu likiwa kwenye bomba la chini, mbali na tangi, kiwango kitafanya nini, na kwa nini? Usiponieleza kwa maneno yako mwenyewe, rudi kwenye majedwali ya mvuke, yale yanayoonyesha maji huchemka kwa nyuzi ngapi katika kila shinikizo.