Ankara zetu zinaingia kwenye kapu la taka

SWALI: Tunauza pembejeo na mashine za kukamua maziwa hapa Nakuru. Mwezi uliopita tulituma tangazo kwa anwani za barua pepe 4,000 hivi, nyingi tukiwa tumezinunua. Sasa hata ankara za wateja wetu wa Njoro na Molo zinaingia kwenye taka (spam). Fundi anatushauri tubadilishe domeni, yaani jina linalofuata @ kwenye anwani zetu. Tumsikilize?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Domeni mpya haina historia, nayo hushukiwa zaidi.

Kilichowaponza ni zile anwani za kununua. Nyingine zimekufa na hurudisha ujumbe. Nyingine ni mitego: hazina mwenyewe, zipo tu kumnasa anayetuma bila ruhusa. Waliobaki ni watu wasiowajua, na wengi wao hubonyeza kitufe cha kuripoti taka. Google hutaka malalamiko yawe chini ya asilimia 0.1, na yasifike kamwe 0.3, yaani watu 3 tu katika barua 1,000. Msihangaike kuichuja orodha hiyo, ifuteni yote. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mwenyewe amejulishwa.

Kisha kagueni rekodi 3 za DNS, yaani maelezo ya domeni yenu ambayo mifumo mingine huyasoma mtandaoni. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Hapa ndipo wengi hukosea: programu ya uhasibu inawaambia muongeze SPF yake, mnaiweka kando ya ile ya zamani, na domeni yenye SPF mbili huhesabiwa kuwa na hitilafu. Ziunganisheni ziwe moja, isiyomlazimu mpokeaji kuuliza DNS zaidi ya mara 10. DKIM huitia kila barua saini ya kidijitali. Tumieni ufunguo wa biti 2048. DMARC humwelekeza mpokeaji la kufanya ukaguzi ukishindikana. Anzeni na p=none (isizuiwe barua yoyote), msome ripoti kwa wiki kadhaa mpaka mjue kila mfumo unaotuma kwa niaba yenu, ndipo mpande hadi quarantine (iende kwenye taka), hatimaye reject (ikataliwe). Anayebaki kwenye none hajamzuia mwigaji yeyote.

Matangazo yapeni domeni ndogo yake, yaani tawi la domeni yenu, yasichafue ankara. Yawe na kiungo cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na anayejiondoa afutwe ndani ya siku 2. Google huwalazimisha hivyo wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail, lakini hata ninyi itawafaa.

Tazameni pia foleni ya barua zinazotoka. Mkikuta msizozijua, huenda nywila imeibwa au fomu ya tovuti inatumiwa vibaya. Kubadilisha nywila pekee hakutoshi: wezi huacha kanuni ya kuelekeza barua kwao, kwa hiyo fungueni mipangilio ya kila kikasha muifute.

Kama anwani ya seva yenu imo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa taka, ombeni iondolewe baada ya kurekebisha chanzo. Spamhaus haitozi pesa kwa kazi hiyo, hata fundi akiwaletea bili.