Yule mama kwenye pete ya Kirumi ni nani?

SWALI: Mhariri shikamoo, nimeona picha ya pete ya zamani ya Warumi, ina kijiwe chekundu kimechongwa mwanamke kashika pembe na kitu kama kasia. Ndo nani huyo, na mbona kachongwa kwa kuzama ndani?

JIBU: Marahaba. Huyo ni Fortuna, mungu wao wa bahati, pembe imejaa matunda maana yake neema, na hilo sio kasia bwana, ni usukani, kwamba yeye ndo anaendesha maisha ya watu, akikata kona na wewe umo. Kijiwe chenyewe mara nyingi ni akiki, na kimechongwa kuzama kwa sababu pete ilikuwa pia muhuri, unagandamiza kwenye nta picha inatokea imeinuka, na akiki walipendea hapo maana nta haiing'ang'anii. Hata Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma, alianza na muhuri wa sphinx (mnyama wa hadithi, mwili wa simba kichwa cha mtu), akaja wa sura ya Alexander Mkuu, mwisho akaweka sura yake mwenyewe (makubwa hayo!).

Na bahati haikutafutwa kwa pete tu, watoto wa kiume walivalishwa hirizi shingoni, bulla, na wengine walivaa kidude cha umbo la uume kuzuia kijicho, usicheke.

Ila bahati nayo ilikuwa inadondoka, kule Bath Uingereza vimeokotwa vijiwe 34 vya pete kwenye mtaro wa bafu la Kirumi, inaonekana mvuke ulilegeza gundi, mtu anaoga zake huku bahati inaenda na maji machafu.