Wasomaji Wauliza: Kokoto Dogo, Ufa Mrefu

SWALI: Kokoto lilirushwa na lori likagonga kioo cha mbele cha gari langu, likaacha doa dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Siku ya nne, nilipokuwa naliosha gari juani, ufa ukatambaa urefu wa kiganja. Nikipapasa kwa ndani, kioo ni laini kabisa. Imekuwaje?

JIBU: Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja takriban milimita 2, vilivyoshikanishwa kwa utando wa plastiki iitwayo PVB, ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Kokoto ni gumu na dogo, na pigo lake huisha kabla kioo hakijapata nafasi ya kupinda. Nguvu yote huishia pale pale: ufa wa duara hulizunguka doa, kisha huzama ndani ukitanuka kama faneli iliyofudikizwa. Ukifika kwenye plastiki huzimika, kwa kuwa plastiki hunyumbuka. Ndiyo maana kioo cha ndani kimesalimika.

Kichwa cha abiria kingekigonga kioo hicho, mambo yangekuwa mengine. Kitu kikubwa, kisicho kigumu kama jiwe, hukipinda kioo. Na kwa kuwa kioo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, hupasuka kuanzia uso unaovutwa, ule ulio mkabala na pigo. Nyufa hutawanyika kutoka katikati, kisha za mviringo hufuata, mpaka ukaona utando wa buibui. Mkaguzi mzoefu huangalia mchoro huo akakisia kilichogonga.

Sasa hiyo siku ya nne. Unyevu huingia hadi kwenye ncha ya ufa na kuvunja, kimoja kimoja, viungo vya silikoni na oksijeni vinavyokishikilia kioo, ambavyo tayari vimevutika. Ufa hutambaa bila pigo jingine lolote. Ukimwagia maji baridi kioo kilichochomwa na jua, uso wake hutaka kusinyaa huku sehemu ya chini ikiwa bado moto. Uso huvutwa, na ufa hukimbia. Kupuliza kiyoyozi kwa nguvu kwenye kioo chenye moto huleta balaa lile lile.

Doa likiwa bado changa, lifute kwa kitambaa kikavu na ulifunike kwa selotepu angavu ili maji na vumbi visiingie. Usilitie gundi ya dukani: ikishakauka ndani, resini ya fundi (utomvu wa plastiki unaogandishwa) haitapita. Fundi huondoa chembe, hukausha, hunyonya hewa kwa pampu, husukuma resini hadi kwenye ncha za nyufa, kisha huigandisha kwa mwanga wa urujuanimno. Alama hafifu itabaki. Resini hurudisha nguvu zaidi kuliko inavyorudisha sura. Ufa uliofika ukingoni, uliopita hadi kioo cha ndani, au ulio mbele ya macho ya dereva haufai kuzibwa. Badilisha kioo.

SWALI: Mbona kioo cha mlango humwagika chote kama chumvi ya mawe?

JIBU: Aghalabu hicho hakina tabaka za kugandishwa. Hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha hupulizwa hewa ghafla, hivyo nyuso hubaki zimebanwa na kiini kimevutwa. Ufa ukipenya hadi kiini, kioo chote huachia mara moja. Hakizibiki wala hakikatiki.

SWALI: Boti yangu ya faibaglasi iligonga gogo. Nje kuna mkwaruzo tu. Niendelee kuitumia?

JIBU: Kagua kwanza, tena kwa ndani. Tabaka zenye nyuzi za mielekeo tofauti hazipindi sawasawa, hivyo pigo huzitenganisha pale zinapokutana, na madhara hutanuka kadiri yanavyoelekea upande wa pili. Tabaka zilizoachana zikibanwa, kila moja hujikunja peke yake, na nguvu ya ganda hushuka sana.

Gonga kwa sarafu, ukianzia sehemu unayojua ni nzima. Mlio mkali ni dalili njema; ukigeuka bubu, chora mpaka wake kwa penseli. Eneo hilo huwa pana kuliko mkwaruzo. Kuziba kwa juu juu ni kujidanganya: saga hadi uikute tabaka nzima, ukifanya mteremko wenye urefu wa mara 12 ya unene. Ganda la milimita 5 linahitaji mteremko wa milimita 60 kila upande, ndipo tabaka mpya zipate pa kushikia.